Leba

Aliingia saa tatu na robo,
beseni kichwani, leso mbili, chupa ya uji,
viwembe vipya vitatu ndani ya gazeti.
"Hapa ndipo leba?"
Nikamwambia ndipo.
Akashusha beseni, akatazama huku na huku,
meza, kalenda, kabati la mafaili.
"Sasa vitanda viko wapi?"

Benchini walikuwapo wakata miwa kumi na mmoja
kutoka upande wa Muhoroni,
mishahara ya miezi saba haijaonekana,
nao hawakuwa wamecheka tangu Jumatatu.
Wakacheka. Hata Obuya,
ambaye kidole chake kimoja kilibaki kiwandani,
akajiziba mdomo kwa vinne vilivyomrudisha nyumbani.

Mwenye boda hana kosa.
Aliambiwa, "Nipeleke leba, mbio, mwanangu yuko huko,"
akakunja kona ya soko, akamleta leba.
Kibao cha mlangoni kinasema hivyo hivyo,
rangi nyekundu, E yake imebanduka nusu.

Neno hili nililirithi pamoja na droo.
Mzee Lusuli alipostaafu aliniachia kamusi,
jalada limetafunwa na panya hadi herufi ya D,
na humo nilisoma mchana mmoja wa mvua
kwamba Warumi walikuwa nalo kabla ya Waingereza,
na kwamba pengine, kamusi yasema pengine,
shina lake ni kuyumba:
mtu na mzigo, magoti yakimcheza.
Nimelipenda lile pengine.
Ofisini mwangu hakuna mwajiri anayelitumia.

Waingereza wakalitia shambani, wakalitia wodini,
wakalipa hata chama cha kupigia kura.
Likatufikia na reli.
Tukalifyeka kama muwa, majani huku, ncha kule,
likabaki leba, silabi mbili za kutafuna.

Sisi kila chungu tulikipa mfuniko wake.
Kazi ni kazi. Uchungu ni uchungu.
Na kibarua ni barua iliyonyimwa urefu:
baba alikuwa nayo, kadi ya tiki thelathini,
aliihifadhi ndani ya kofia,
ikanyeshewa Chemelil tiki ya ishirini na nane,
wino ukamtiririka usoni.
Akaanza tena moja.
Mama alikuwa na mimba yangu mwezi ule.
Sijui nani kati yao alihesabu siku zaidi.

"Leba ya kuzaa iko Rasha," nikamwambia bibi,
"nami nitakupeleka."
Jina lake Turfosa Nyasuna. Alikataa nimbebee.
Penye mtaro uliovunjika, karibu na wachoma mahindi,
beseni likaegemea kushoto, miguu ikatafuta ardhi,
mkono mmoja juu, mwingine hewani,
nami mwenye kusoma kamusi
nikasimama kama kigingi, nikitazama.
Akajisawazisha mwenyewe.
"Unaota?" akaniuliza. "Twende."

Muuguzi alichukua leso, akarudisha viwembe,
akasema kwa lango lililofunguka kiasi cha uso:
"Bado. Sentimita nne."
Bibi akakaa sakafuni, mgongo ukutani,
akavua viatu kama mtu anayeingia zamu.

Nilirudi saa tano.
Walikuwa palepale, wamepangana kwa umri.
Chupa ya uji ilikuwa mezani pangu, imesahauliwa,
na hakuna aliyeigusa, ingawa niliwajua,
nilijua hawakuwa wamekunywa chai.

"Amezaa?" Obuya akauliza.
"Bado. Amefunguka sentimita nne."
Akalitazama kabati, kufuli yake, kutu yake.
"Na faili letu?"

Nikaanza kutafuta ufunguo.